Mwenyekiti Mwenye Meno ya Chui

Mpaka alipotimiza miaka hamsini na minane, Biubwa binti Mbaraka hakuwahi kuogopwa na mtu. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye viganja vipana, na udongo haukumtoka kwenye kucha hata siku ya Idi. Alizaliwa Kisarawe, akafundishwa kufinyanga na mama yake, na alipoolewa na Husseini alihamia kijiji cha Janga na ndoo mbili za udongo wa kwao, kwa sababu hakuuamini udongo wa ukweni. Baadaye aliuzoea, kama alivyomzoea mume.

Sisi majirani tulimjua kwa vyungu na kwa ubishi. Alifinyanga vyungu vya mboga, mitungi, vyetezo na mikungu ya kufunikia, akavipakia kwenye tenga lenye nyasi na kuvipeleka Mlandizi kwa bodaboda. Watu wa Mlandizi walivitazama, wakavisifu, wakawakumbuka bibi zao waliopikia vyungu kama vile, kisha wakavuka barabara wakanunua sufuria. Biubwa hakuwakasirikia. Waliomkasirisha ni wale walionunua kimya kimya bila kutoa kasoro. Kwake yeye, mtu wa namna hiyo alikuwa kama mtu aliyepita bila kusalimu.

Mwezi wa saba mwaka jana, mwalimu mmoja wa kike alishuka kwenye bodaboda mbele ya nyumba yake akiwa amekumbatia mfuko mzito. Aliitwa Elinipa, Mpare wa Same, mwalimu wa historia katika sekondari moja ya Kibaha. Mimi nilikuwa pale, nimekwenda kuazima jembe, kwa hiyo ninayosema hapa sikuhadithiwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Karibu. Kama umefuata mitungi, imebaki miwili, na mmoja una kasoro lakini sikwambii ni upi."

Mwalimu akacheka. "Sikufuata mitungi. Nimekuletea picha uzione."

Akatoa kitabu kikubwa kisicho na jalada, alichokipata kwa wauza vitabu vya mitumba Dar es Salaam. Ndani yalikuwa mapicha ya vyungu tu, ukurasa baada ya ukurasa. Akafungua mahali alipoweka alama. Pale palikuwa na mtu wa udongo, ameketi ameviweka viganja juu ya magoti. Upande mmoja wa uso wake ulikuwa uso wa mtu mzima mwenye fikra zake. Upande wa pili ulikuwa wa chui, jicho la duara, mashavu yamekunjamana, meno nje.

Biubwa alifuta mikono kwenye khanga, akasogea.

"Huyu amepatwa na nini?"

"Ni mganga, mama. Huko Amerika ya Kusini, zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Waliamini mganga akiimba, akinywa dawa yake, anageuka mnyama. Wana chui wao mkubwa kuliko wetu, wanamwita jagwa. Mganga anakuwa jagwa, anakwenda kuzungumza na mizimu, kisha anarudi kuwa mtu."

"Anarudi?"

"Anarudi."

"Mbona hapa hajarudi?"

"Hapa wamemfinyanga akiwa katikati."

Nilitegemea Biubwa aseme astaghafirullahi, maana mimi nilikuwa nimeshaisema moyoni mara mbili. Yeye aliweka kidole kwenye picha, akakipitisha begani kwa yule mganga.

"Mikono hii imebandikwa mwili ulipokuwa umeanza kukauka. Unaona alama hapa? Na ndani ni tupu. Kisingekuwa tupu kingepasuka motoni. Huyu aliyekifinyanga alikuwa mwanamke."

"Hilo halijulikani, mama. Wataalamu wanasema..."

"Mimi ndiyo nakwambia."

Mwalimu akafungua ukurasa mwingine. Palikuwa na chupa ya udongo yenye matumbo mawili yaliyounganishwa chini kwa mrija, na juu ya tumbo moja amekaa ndege mdogo. Akaeleza kwamba ukitia maji na kuiinamisha huku na huku, ile chupa inapiga mluzi.

"Chungu kinachopiga mluzi ni chungu chenye ufa," Biubwa akasema.

"Hii haina ufa. Imetengenezwa hivyo makusudi."

Biubwa akaivuta picha karibu. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza kumwona amenyamazishwa na chombo alichofinyanga mtu mwingine. Mwalimu akasema anataka nakala za vyombo hivyo viwili kwa ajili ya siku ya taaluma, mwezi wa tisa, ili wanafunzi waone kwamba historia si vita na wafalme peke yake. Biubwa alisema hana nafasi, ana vyungu vya watu. Kisha akasema, "Kitabu kiache."

Kazi ilichukua wiki saba. Chui hakuna aliyewahi kumwona Janga, kwa hiyo Biubwa alimtumia paka wa jirani yetu Salama, mnyama mvivu aliyekubali kufunuliwa midomo kila asubuhi kwa malipo ya dagaa wanne. Ile chupa ya mluzi ndiyo iliyomtesa. Ya kwanza haikutoa sauti. Ya pili ilikohoa. Ya tatu ilipasuka, na ya nne aliivunja mwenyewe kwa hasira. Alikaa siku nzima akipuliza vifundo vidogo vya udongo vilivyotobolewa, mashavu yamemvimba, mpaka akagundua kwamba siri iko kwenye kile kitundu pale juu, mahali upepo unaosukumwa na maji unapotokea. Kitundu kikiwa kipana kidogo tu, upepo unapita bure. Chupa ya tano ililia. Nilikuwa shambani, nikasikia mluzi mwembamba, na baada ya mluzi nikasikia kicheko cha mwanamke mtu mzima, peke yake, uani kwake.

Husseini, mumewe, hakufurahi. Yeye alikuwa mjumbe wa kamati ya msikiti na alijua watu wanamtazama.

"Mama Rukaya, hii ni sanamu."

"Ni chungu, Baba Rukaya."

"Chungu gani kina macho?"

"Una macho na wewe, na nimekaa nawe miaka thelathini na tano."

Husseini akaenda kumuuliza shehe, shehe akamwambia jambo refu ambalo hakulielewa vizuri, akarudi na uamuzi wake mwenyewe. Kila alipotaka kula, alikifunika kile chungu kwa kikapu. Akishiba, alikifunua na kukitazama muda mrefu kuliko hata sisi.

Sasa, kuhusu ule upande wa mtu. Biubwa amekula kiapo mara nyingi kwamba hakukusudia. Alihitaji nusu ya uso wa mwanamume mtu mzima, na vidole vyake vikafanya uso vilioujua. Mwenyekiti wa kitongoji chetu, Ashrafu, alikuwa akija kwake kila wiki. Siku moja ni moshi wa kuchomea vyungu, siku nyingine ni mkutano, siku nyingine ni mchango wa choo cha zahanati. Aliketi kwenye kigoda mbele yake, viganja juu ya magoti, akazungumza kwa kirefu, na Biubwa, kwa kuwa asingeweza kumjibu Mwenyekiti kila neno, alikuwa akimtazama tu. Ashrafu ana nyusi moja iliyopanda juu kuliko mwenzake. Ana sikio lililojitokeza, na kidevu chenye mkunjo kama mto wa kulalia. Vyote hivyo viliingia kwenye udongo.

Siku ya kuchoma ilikuwa Jumamosi asubuhi. Biubwa alivipanga vyombo juu ya makumbi ya nazi na kuni, akavifunika kwa majani makavu na kuwasha. Kufika mchana moto ulikuwa umelala, na wanawake sita saba tulikuwa tumesimama kungojea, maana habari za mganga wa Amerika zilikuwa zimeshafika kila jiko. Akasogeza majivu kwa mti mrefu. Kile chungu kikatokea, chekundu kwa ngeu, ule udongo mwekundu aliokisugulia, kimeketi kwenye majivu kama mtu anayeota moto.

Salama ndiye aliyesema.

"Mama yangu! Mwenyekiti!"

Hakuna aliyemsahihisha. Nusu ya Ashrafu ilikuwa inatutazama na ile nyusi yake, kama anayeuliza kwa nini hatujalipa mchango. Nusu nyingine ilikuwa imetoa meno.

Kufikia alasiri, Janga nzima ilikuwa inajua kwamba Biubwa amemtia Mwenyekiti ndani ya chungu na anamgeuza mnyama taratibu, amefika nusu. Kufikia magharibi, watu walikuwa wamekumbuka kwamba Mwenyekiti aling'oa jino wiki iliyopita, na kwamba siku hizi anakula nyama kuliko zamani. Mimi mwenyewe nililiongeza hili la nyama. Nakiri.

Jumatatu tuliitwa kwenye ofisi ya kijiji. Kile chungu kiliwekwa juu ya meza, kimefunikwa gunia, na Ashrafu alikaa mbali nacho, upande wa mlango. Uso wake ulikuwa umeparara.

"Ndugu wananchi," akaanza, "mimi si mtu wa imani hizi. Lakini tangu juzi tumbo linanisokota. Naomba huyu mama aseme mbele yenu alikuwa na nia gani na mimi."

Biubwa akasimama. "Sikuwa na nia yoyote na wewe. Nilikuwa nahitaji uso."

"Nyuso zimejaa hapa Janga! Kwa nini wangu?"

"Kwa sababu wengine wakija kwangu hawakai saa mbili."

Watu wakaguna. Mzee Isihaka, ambaye alikuwa na kesi yake na Mwenyekiti kuhusu uzio ambao yeye Isihaka aliusogeza mpaka katikati ya njia, akasema chungu kivunjwe na mama arudi kwao Kisarawe akapumzike. Wapo waliosema kikivunjwa Mwenyekiti naye atavunjika. Wengine wakasema kisivunjwe, kizikwe. Husseini alikuwa amekaa nyuma, ameinamisha kichwa, na kwa mara ya kwanza nilimwona Biubwa akimtafuta mumewe kwa macho. Husseini akainuka, akaja kusimama karibu naye. Hakusema kitu. Ndivyo alivyo.

"Mpigieni Mwalimu," Biubwa akasema. "Yeye ndiye mwenye kitabu."

Akapigiwa. Simu ikawekwa sauti kubwa juu ya meza, pembeni ya gunia. Mwalimu Elinipa alipoelewa kinachoendelea alishtuka, na kama walimu wengi wakishtuka, alifundisha.

"Jamani, hamjaelewa! Yule hageuzwi na mtu. Anajigeuza mwenyewe! Kule kwao yule alikuwa mtu mkubwa, ndiye kiongozi wao. Anaingia kwenye hali ya chui kwa nguvu zake, anaona mambo yaliyofichika, anawajua wabaya wote, anawalinda watu wake, kisha asubuhi anarudi kuwa mtu wa kawaida kama mimi na ninyi. Ni heshima kubwa sana!"

Simu ikakatika, salio au mtandao, sijui. Kisha, bila kupangana, tuligeuza shingo zetu sote tukamtazama Ashrafu.

Nimeishi na Ashrafu tangu tukiwa wadogo. Ni mtu anayeogopa mbuzi. Lakini siku ile, alivyokaa pale kwenye mwanga wa mlango na nyusi yake juu, nilijikuta najiuliza huwa yuko wapi jioni zote zile anazosema amekwenda kwenye kikao Mlandizi.

Mzee Isihaka akakohoa. Akasema labda tusiharakishe jambo hili. Mkutano ukaahirishwa mpaka tarehe itakayotangazwa.

Kesho yake asubuhi uzio wa Isihaka ulikuwa umerudi mahali pake pa zamani, na mwenyewe alikuwa akipiga misumari ya mwisho huku akimsalimia kila apitaye kwa sauti ya juu. Wiki ile mchango wa choo cha zahanati, uliokuwa umesuasua tangu mwaka juzi, ulikamilika. Msaragambo wa kufyeka njia ulitangazwa kuanza saa moja, na watu walifika saa kumi na mbili na nusu. Ashrafu alipopita, mazungumzo yalikatika. Mwanzoni alidhani watu wanamwonea huruma kwa ugonjwa wa tumbo. Siku ya nne alielewa, na tumbo likapona.

Basi siku moja saa nane mchana, jua kali, watu wako ndani, akafika kwa Biubwa akipita nyuma ya mashamba. Biubwa alinisimulia haya mwenyewe baadaye, na Husseini alikuwa ndani akisikiliza dirishani.

"Shikamoo, Bi Biubwa."

"Marahaba, Mwenyekiti. Umekuja kukivunja?"

"Hapana, hapana. Nimefikiria sana." Akaketi kwenye kigoda, akaweka viganja juu ya magoti. "Sanaa ni sanaa. Utamaduni lazima tuuenzi. Kisivunjwe."

"Ahsante."

"Ila nilikuwa naomba jambo dogo. Yale meno. Huoni kama ni mafupi?"

Biubwa akamtazama.

"Na hapa kitambi," Ashrafu akaendelea, akipapasa chake, "kitambi umekizidisha. Chui hana kitambi."

"Mwenyekiti, hicho kimeshachomwa. Siwezi kuongeza wala kupunguza."

"Hata jino moja?"

"Hata jino moja."

Akaondoka amenuna, kwa njia ile ile ya nyuma ya mashamba.

Kwa Ashrafu mambo yalinyooka hivyo. Kwa Biubwa hayakunyooka. Mtu anayeweza kumfinyanga mwenzake akawa chui si mtu wa kuchezewa, na sisi hatukumchezea. Salama aliacha kwenda kuomba chumvi. Wanawake waliokutana naye kisimani walimwachia foleni yote. Kule Mlandizi, mahali pake pa kuuzia palipanuka, maana wauza nyanya wa kulia na wa kushoto walihama. Vyungu vyake vya mboga vilikaa vilivyo, wiki nne. Nani angepika mchicha ndani ya chungu kilichotoka kwenye mikono ile? Waliokuja kwake walikuja kwa kunong'ona. Mwanamke mmoja alitaka mkwewe afinyangwe kuwa kenge. Mfanyabiashara wa Kibaha alitaka afinyangwe yeye mwenyewe, simba mzima, si nusu. Biubwa aliwafukuza wote, na kufukuza kwake kukazidi kuthibitisha kwamba anazo nguvu.

Siku moja nilipita kwake, naye akanionyesha mtungi mpya. "Utazame," akaniambia. "Una nini?"

Nikautazama. Mdomo wake ulikuwa umepinda, hata kipofu angeuona kwa kidole.

"Ni mzuri sana, Bi Biubwa," nikasema.

Aliuchukua mtungi mikononi mwangu, akaurudisha mahali pake taratibu. "Na wewe pia," akasema. Nikaondoka nikiona haya ambayo sijaizoea.

Siku ya taaluma ilifika. Biubwa na Husseini walivipeleka vyombo Kibaha, na mimi nikawasindikiza, kwa sababu ya ile haya. Shule ilipambwa kwa vitambaa. Katika darasa la historia, meza iliwekwa katikati, ikafunikwa kitambaa cheupe, na vile vyombo viwili vikakaa juu yake. Mbele yake wanafunzi walikuwa wameandika kwa herufi kubwa: VYUNGU VYA KALE VYA AMERIKA YA KUSINI. USISHIKE.

Mwalimu Elinipa aliliona kosa lile akashika kichwa, lakini mgeni rasmi alikuwa ameshaingia. Alikuwa bwana mmoja mnene kutoka ofisi fulani ya mkoa, mwenye sauti ya kuhutubia hata anapouliza choo kiko wapi. Alisimama mbele ya kile chungu cha mganga, akavua miwani, akavaa miwani.

"Ajabu! Tazameni, vijana. Miaka elfu moja! Tazameni ufundi huu. Wenzetu walikuwa mbali. Sisi hapa Pwani tungekuwa na watu wenye mikono kama hii, tungekuwa wapi leo?"

"Mheshimiwa," Mwalimu akajaribu, "hivi vimetengenezwa na..."

"Najua, najua, makabila ya Peru. Nimesoma."

Biubwa alikuwa amesimama pembeni na khanga yake mpya. Aliona ndege wa ile chupa amegeuzwa vibaya, karibu na ukingo wa meza. Akanyoosha mkono kuisogeza.

"Mama! Mama!" Mgeni rasmi akamkamata kiwiko. "Tafadhali usishike. Hicho ni cha kale. Kikivunjika, tutaieleza nini dunia?"

Nilitaka kucheka, nikamwona Husseini. Yule Husseini asiyesema kitu, mjumbe wa kamati ya msikiti, alikuwa ametoka kwenye mstari wa wageni.

"Mheshimiwa," akasema, "mwachie mkono. Huyu ni mke wangu, na hivyo amevifinyanga yeye Janga, uani kwangu. Hicho cha meno nimekula nacho chakula miezi miwili."

Darasa zima likacheka. Mgeni rasmi akacheka pia, akiamini ni mzaha wa wazee wa vijijini. Biubwa hakubishana. Alichukua jagi la maji lililowekwa kwa ajili ya mgeni, akatia kwenye ile chupa, akaiinamisha. Ndege akapiga mluzi mrefu, mwembamba, uliopanda na kushuka. Wanafunzi wakapiga kelele. Mgeni rasmi alirudi nyuma hatua mbili, akamwagiza Mwalimu aandike barua ili vitu hivi virudishwe vilikotoka kabla havijaleta matatizo, akaenda darasa la kemia.

Cheti cha maonyesho bora kilitolewa kwa klabu ya historia. Biubwa alipewa soda.

Tulikuwa tunavifunga vyombo kwenye nyasi ili viwekwe stoo ya shule, wakati mwanamke mmoja mpana aliingia akijifuta mikono kwenye aproni. Ni Efrazia, mpishi mkuu wa shule. Alikuwa ameusikia mluzi ule kutoka jikoni. Mwalimu alimweleza mambo yote, mganga, jagwa, mizimu, na Efrazia akasikiliza huku ameshakinyanyua kile chungu cha Mwenyekiti, amekipindua, anachungulia chini yake.

"Kitako umekifanya chembamba," akamwambia Biubwa. "Hapa kitaanza kuvuja."

"Hakivuji," Biubwa akasema. "Nimekisugua mara tatu."

"Mara tatu si kitu. Kwetu Bukoba mama yangu alisugua mpaka anajiona uso."

"Basi mama yako alikuwa na muda wa kupoteza."

"Na vyungu vyake viko mpaka leo. Vyako je?"

Nilimwona Biubwa akivuta kiti. Walibishana saa nzima, juu ya vitako, kuni, mchanga unaochanganywa na udongo, na kama maharage yanaiva vizuri zaidi kwenye chungu au watu wanajidanganya tu. Husseini alikunywa ile soda. Tulipoondoka, Efrazia alikuwa amesema anataka chungu kikubwa cha maharage ya walimu, na asiletewe chenye kitako kama kile.

Vyombo vile viwili vilibaki shuleni. Mwalimu Elinipa alirekebisha maandishi, akaweka jina la Biubwa na la Janga. Alimwomba aje Jumatano kuwafundisha wanafunzi kufinyanga, na mkuu wa shule akakubali, ila kwenye karatasi zao, kwa kuwa Biubwa hana cheti, ameandikwa mhudumu wa bustani. Kila Jumatano mhudumu wa bustani anafundisha wanafunzi arobaini, na hajagusa ua hata moja.

Kuhusu Ashrafu, uchaguzi ulipita na hakuna aliyechukua fomu kushindana naye. Alianza kutembea taratibu na kutazama watu kwa pembe ya jicho. Enzi hiyo ilidumu mpaka mwezi wa pili, siku ambayo mbwa wa Isihaka alimng'ata tako mchana kweupe, mbele ya ofisi ya kijiji, na Mwenyekiti akapanda juu ya meza akiita jina la mama yake. Tulimpeleka zahanati kwa heshima zote. Lakini njiani kila mtu alikuwa na swali moja moyoni, na Isihaka ndiye aliyelitamka: chui gani huyu anayekimbia mbwa? Wiki iliyofuata uzio wake ulisogea tena njiani, na msaragambo ulirudi kuanza saa tatu.

Woga wetu kwa Biubwa nao ukayeyuka, bila mtu kuutangazia kifo. Kama chui alikuwa hana meno, aliyemfinyanga alikuwa na nini? Jumanne iliyopita nilikuwa barazani kwake, tumekaa tunamenya mihogo, nikamwona Salama anakuja kwa kasi, paka wake nyuma, chungu kipya kimefungwa ubavuni kwa khanga, mboga inadondoka mpaka miguuni.

"Biubwa!" akaita kabla hajafika. "Chungu gani hiki umeniuzia? Nimepika kisamvu, nusu kimebaki motoni!"

"Umekipasua mwenyewe kwa kukiweka motoni kikavu. Nilikwambia ukilowanishe kwanza."

"Hukuniambia!"

"Nilikwambia, na ulikuwa unamtazama fundi baiskeli."

Salama akakiweka chini, wakakiinamia wote wawili, vichwa vimegusana, kila mmoja akionyesha kwa kidole mahali palipopasuka na sababu yake. Mimi niliendelea kumenya mihogo. Paka alilamba kisamvu.